Makopo ya Nabintu

Nabintu hakuandika kitu kwenye makopo yake.
"Onja," alisema. "Ulimi nao una macho."

Bikarbonati: chumvi kwanza, kisha sabuni.
Hiyo niliitia kijiko kizima
kwenye keki ya harusi ya binti wa Cirhuza,
bila ndimu, bila tone la mashanza,
ikatoka ya manjano, chungu,
imelala kama ndala iliyopitiwa na lori.
"Umempeleka mgomvi," akacheka,
"mahali pasipo na wa kugombana naye."

Poda ya keki hubeba ugomvi wake mfukoni.
Ikilowa inaanza, ikipata joto inarudia.
Haingoji mtu: washa tanuri
ndipo umimine maziwa.

Levire
(hapa alishusha sauti)
levire ni kiumbe.
Mpe maji ya kuogeshea mtoto, sukari kidogo, mwache.
Maji ya moto yanamuua, na hatapiga kelele.

Ilikuwa Juni, Kadutu imejaa ukungu,
umeme umekatika tangu juzi.
Beseni la unga tulilivika kitenge,
tukaliegesha karibu na mbabula.
Saa nzima, kimya. Wateja wa mkate wako mlangoni.
Mkono wangu ukaenda kwenye kopo la bikarbonati
na Nabintu akaukamata,
hakusema kitu,
akaushika hivyo hivyo, unga kwa unga,
mpaka kitenge kikaanza kupumua.

Sasa makopo ni yangu.
Nimenunua kalamu ya wino mweusi, pale Nyawera.
Iko kwenye droo. Haijafunguliwa.