Mwanya wa Pete

Saa nne na dakika kumi na moja ardhi ya Aramizu ilijigeuza
kama mtu aliyelalia mkono mmoja usiku kucha.
Nusu dakika tu.
Tanuri la tani kumi na mbili likasogea shibiri mbili kusini,
halikurudi.

Mimi nilikuwa mbali, kilomita mia nne,
ofisi ya vipuri, nikihesabu visanduku.
Chai ilitikisika kikombeni.
Nikadhani ni lori.

Kesho yake alasiri mstari wa magari ukasimama.
Hakuna aliyepiga kengele. Ulisimama kama soga inavyokatika
anapoingia aliyekuwa akisengenywa.
Magari mia mbili na kumi, yana rangi, yana viti, yana taa,
yana hata ile harufu ya upya,
na vifuani mwake hamna kitu.

Kilichokosekana ni pete.
Si ya posa. Pete ya pistoni, ya chuma, pana kama bangili ya mtoto,
bei yake haifiki yai la kuchemsha.
Kazi yake iko gizani: moto usishuke, mafuta yasipande.
Chanda na pete, husemwa, kwa wawili walioshikana;
sisi na Aramizu tulishikana hivyo
na hatukuwahi kuonana uso kwa uso.

Akiba haiozi?
Kwetu iliandikwa ukutani kwamba inaoza.
Kila kitu kifike saa yake, kisitangulie, kisichelewe.
Tulikuwa na pete za saa sita
na tulijisifu kwa hilo.

Nikatumwa na pimamaji na nguo za siku tatu.
Ndani ya basi tulikuwa mahasimu,
watu wa kampuni zinazofichana hata idadi ya skrubu,
sasa tunapokezana dawa ya mbu.
Dirishani nyumba zilikuwa zimechuchumaa,
paa la vigae juu ya magoti.

Shigeno Kuwabara, mkaguzi, miaka sitini na mmoja,
viatu viwili visivyofanana,
alikuwa ameketi juu ya kreti akiokota pete sakafuni.
Kila moja aliipitisha kwenye ncha ya kidole, macho kafumba.
Nzima, ndoo ya kushoto.
Yenye kovu, ndoo ya kulia.
Mashine ya kupimia ilikuwa imelala kifudifudi.
"Kidole hakihitaji umeme," akasema.

Nikauliza habari za nyumba yake.
"Imelala." Akaokota nyingine.
"Simu ya kwanza kuita baada ya tetemeko, nikajua ni dada yangu.
Kumbe ni kijana wa kampuni, mwenye adabu sana.
Aliuliza pete zitatoka lini."
Hakukasirika. Alisema kama anayesoma kipimo.
Sikumwambia kwamba kijana yule ni mimi.

Siku ya saba povu la pimamaji likatulia katikati.
Siku ya nane tanuri likawaka,
na wale mahasimu wakapiga makofi, wengine wakageukia ukuta.
Shigeno akanitegeshea pete mpya kwenye mwanga.
"Unaona ilipokatika? Si kasoro. Mwanya huo tunauacha makusudi,
mwembamba kama unywele.
Pete isiyo na mwanya ikipata joto hutanuka,
ikakosa pa kwenda,
ikavunja injini nzima."
Akacheka. Naye ana mwanya, meno ya mbele.

Nilirudi. Magari yakapewa vifua, yakaondoka.
Maandishi ya ukutani yangalipo; wameyapaka rangi upya.

Mwaka uliofuata, usiku, redio ikataja Aramizu tena,
tetemeko dogo, halikuangusha hata kigae.
Nikapiga simu kabla mtangazaji hajamaliza.
"Pete zipo salama," akasema, hata sijajitaja.

"Sikuuliza pete."

Kimya.
Nyuma yake nikasikia birika likianza kuimba,
na yeye akiliacha lichemke.