Dakika Thelathini na Saba

Mara ya kwanza walipotuonyesha sehemu ya pili
kibandani kwa Onzima, mtaa wa Oli, Arua,
watu walidai pesa zao mlangoni.
Mia tano ni mia tano, hata kama shujaa ni yuleyule,
hata kama helikopta zimezaana, moja zimekuwa sita.
Kaka yake aliuawa hata jina hatujalishika.
Shujaa akalia. Sisi tukacheka.
Drani mfasiri, kipaza sauti kooni,
aliziba mapengo kwa matusi na bei ya muhogo,
akampa adui sauti ya mtoza ushuru wa sokoni;
wapi! Filamu ilimfia mikononi kama kuku wa mdondo.

Baada ya Idi, Onzima akarudi toka Kampala na diski nyingine.
"Ni ileile," alisema, "ila hii haikupitiwa na mkasi."
Imezidi kwa dakika thelathini na saba.
Tukamwambia: uji ulioungua hauponi kwa kuongezwa sufuria.
Tukaingia. Mvua ilikuwa inanyesha.

Helikopta bado sita.
Daraja likavunjika palepale, kwa uongo uleule,
risasi zikampisha shujaa
kama trafiki anavyolipisha gari la mkubwa.

Lakini kati ya daraja na mazishi
safari hii palikuwa na jiko.
Kaka mtu anamenya viazi, vibaya,
nusu ya kiazi inaondoka na ganda.
Shujaa anamnyang'anya kisu, anamenya yeye.
Basi. Hakuna anayesema neno.
Drani alifungua mdomo, akakosa cha kufasiri.
Tukasikia jenereta, tukasikia bati,
tukamsikia Mastula wa chapati, nyuma kabisa:
"Marehemu Swadiki alimenya hivyohivyo."

Risasi ilipokuja, dakika chache baadaye, ileile,
hakuna aliyecheka.

Je, ilipona? Tulibishana barazani hadi saa tano.
Ezati wa baiskeli alisema nyumba iliyopinda
huinyooshi kwa kuiongezea chumba;
na adui bado anasimulia mpango wake wote
badala ya kufyatua, mjinga yule.
Kweli tupu. Sikumjibu.

Mimi ni fundi cherehani, nakula kwa mkasi.
Nilikuwa namfikiria mwenzangu fulani, mbali huko,
aliyeambiwa: ni ndefu mno, punguza.
Akatazama helikopta sita na bei yake kila moja,
akatazama viazi,
akakata viazi.

Kesho yake Mastula alimletea Onzima elfu moja.
Hataki daraja, hataki mwisho.
"Pale jikoni tu," alisema, "kisha uzime."
Onzima akaipokea, petroli si maji ya mvua,
akatoka nje kuvuta kamba ya jenereta.