Kona Kavu

Waliniita Jumamosi, kabla ya mechi,
nije na ngazi, brashi mbili na kopo la bluu.
Nusu ya malipo mkononi, nusu baada ya jina.
Jina lipi? nikauliza.
Emodo, mweka hazina, akasema: Subiri, kikao hakijaisha.

Nikasubiri juu ya ngazi,
utosi ukigusana na mabati yenye moto.
Chini yangu kamati na chungu cha ajono,
mirija minane, vinywa vitano,
wengine walikuwa wameshasusa.

Baa iko nyuma ya kibendera cha kona,
upande ambao vumbi la saruji hutua kwanza
na Mwamba wa Tororo huwahi kukunyima jua.
Aliyeiita Kona Kavu hakumbukwi.
Labda ni mtu aliyekuta kreti tupu.

Sasa wanataka iitwe Owere.
Owere aliyeipiga ngoma misimu kumi na tisa,
hata siku ile tulipofungwa saba,
akaendelea kupiga, refa ameshapanda boda, majukwaa matupu,
mpaka mlinzi akamwomba: mzee, twende, nafunga geti.
Alituacha mwezi wa tatu.
Ngoma yake iko pale juu ya friji,
ngozi imelegea,
wameiwekea trei ya mayai.

Walibishana kwa Kiswahili, kwa kuwa chungu kilikuwa na Mteso,
Mpadhola, Wasamia wawili na Mgwere mmoja,
ila aliyekasirika alirudi kwao kwa sentensi moja
ndipo akavuka tena mpaka.
Wandera akasema jina la marehemu haliuzi;
kampuni ya kubeti italipa, na televisheni juu.
Ofwono akasema: Haya, mpeni Owere.
Kesho mtasema, nimelewa kwa Owere,
nimetapika kwa Owere,
nimeibiwa simu kwa Owere.
Mtu gani alale huko aliko akisikia hayo?

Mkono wangu haujui kukaa bure.
Nikachukua penseli, nikachora O,
nene, ya mviringo, kubwa kama mpira wenyewe,
nikarudi nyuma ngazi moja kuitazama.
Nikaipenda.

Hapo ndipo Athieno alipoingia, mjane wake.
Hakuja na machozi,
alikuja na noti zilizofundikwa kwenye pindo la leso.
Jina lake mnalo tayari, akasema.
Nyaburu, lete daftari.

Nyaburu akamtazama Emodo, Emodo akatazama mrija.
Likaletwa. Ukurasa wa kumi na nne.
Owere, bia mbili, atalipa tukishinda.
Owere, chapati na maharage, atalipa tukishinda.
Owere, kawanunulia vijana wa ngoma, atalipa
(hapo kalamu iliisha wino).
Elfu arobaini na sita na mia tano.
Alihesabu mara mbili, akilamba kidole,
akaziweka mezani, akaziwekea kizibo zisipeperuke.
Futeni hili kwanza, akasema.
La ukutani mtajua wenyewe.

Nyaburu alitumia rula.
Mstari ulikuwa mrefu, tukausikia.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kupiga kura.
Filimbi ililia nje, timu zinaingia,
Emodo akanyanyuka akijikung'uta vumbi ambalo halikuwepo:
Paka lilelile, fundi. Tutakaa tena.

Nikapaka lilelile.
Ila O sikuifuta.
Nilibana K kushoto kwake, NA kulia,
KAVU ikashuka mstari wa chini,
na O ikabaki ilivyo, imewazidi jirani zake kwa kimo na kwa tumbo.
Wageni huuliza kama fundi alikuwa amelewa.
Wenyeji hawaulizi. Wapo wanaoigusa
wakienda haja, tukiwa nyuma kwa bao.

Nusu yangu bado.
Emodo anasema atalipa tukishinda.