Hariri Ndani ya Jiwe

Mama hakuchimba. Kule Mogok walioshuka shimoni ni wanaume;
wanawake waliachiwa makapi,
changarawe iliyokwisha kuoshwa, ikatazamwa, ikatemwa.
Atakachokiona mwanamke humo ni chake:
ndiyo desturi, kongwe kuliko kodi.
Nyo Sein, mama yangu, aliinama miaka kumi na tisa
na ungo wa mianzi kwenye mfereji wa maji baridi,
poda ya thanaka ikimpasuka mashavuni kama tope la kiangazi.

Siku aliyoliona hakupiga kelele.
Alilitia chini ya ulimi,
akaendelea kuchekecha hadi jua lilipokuchwa,
na usiku ule akala wali kwa upande mmoja wa meno.

Punje ya hindi ingelizidi.
Jekundu, ila wekundu hauna jina moja:
upo wa tofali, upo wa bitiruti, upo wa jicho lililokesha.
Huu ulikuwa ule uitwao damu ya njiwa,
na sijamsikia aliyechinja njiwa ili kuuhakiki.
Juani liliwaka kwa ndani,
kaa linalopulizwa na mtu usiyemwona.

Babu alisema askari wa zamani walipasua ngozi ya mkono,
wakatia rubi, wakashona, na mkuki ukawakwepa.
"Na waliokufa," Mama akauliza, "nani aliwapasua tena?"
Babu akavuta sigara yake nene.
Alisema pia jiwe kubwa lilikuwa mali ya mfalme,
ndiyo maana watu waliyavunja kwa nyundo gizani.
Afadhali vipande vinne vyenye mwenyewe.

Sokoni asubuhi, dalali Htay Lwin
alilitua kwenye sinia ya shaba,
akalikinga kwa mwavuli, akauondoa mwavuli, akasonya.
"Lina nyuzi, dada. Hariri. Ukungu mtupu."
Kweli: sindano tatu nyembamba zimekatana kama njia panda,
na kando yake chembe moja, mfano wa ufuta.
Vidole vyao vikazungumza chini ya kitambaa,
kiganja kikakataa, kikakataa, kikachoka.
Ada yangu ya shule ilitoka humo.
Na bati la jikoni. Na mazishi ya Babu.

Sasa niko Bangkok, ghorofa ya tatu, lenzi jichoni.
Najua ambayo Mama hakuyajua:
kioo hakina hariri, kina mapovu,
na nyuzi zile ndizo hati ya kuzaliwa.
Jiwe ambalo halijaonja moto siku hizi ndilo ghali.
Rubi na yakuti ya buluu ni ndugu wa tumbo moja,
kinachowatenga ni kromi kidogo tu, chumvi ya mchuzi.
Spineli ilikaa kwenye mataji karne kadhaa ikiitwa rubi,
na hakuna kichwa kilichouma kwa hilo.

Wateja huniuliza mapenzi.
Mwanamume mwenye saa nzito ataka kujua
kama ni kweli jiwe hufifia mke akidanganya.
Namwambia rubi haina habari na mtu.

Kila pete, kabla sijaipima,
naitafutia kwanza sindano tatu, njia panda, ufuta mmoja.
Miaka kumi na moja.

Jana alikuja fundi wa tanuri kutoka Chanthaburi.
"Yale yenye ukungu? Tunayachoma,
moto wa kuyeyusha chuma.
Hariri inayeyukia humo humo ndani.
Yanatoka maangavu kama hayakuwahi kuwa na mama."
Alicheka. Nikamwongeza chai.

Basi huenda lilishapita hapa.
Huenda nililishika kwa koleo hili hili,
nikaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wangu mzuri:
safi, halina alama.

Leo trei ina pete arobaini na mbili.
Naanza na ya kushoto.