Pengo

Fomu inauliza: Pengo la maarifa ni lipi?
Maneno yasizidi mia tatu.

Umeme umekatika Usa River toka saa moja.
Simu ina chaji asilimia kumi na tisa,
tangazo linang'aa peke yake chumbani:
nafasi kumi na nne za uzamivu,
kompyuta, tiba, sayansi ya maji,
ada imelipwa, posho kila mwezi,
tiketi ya ndege kwenda na kurudi.
Hiyo "kurudi" nimeisoma mara mbili.

Pengo.
Mwanya watu huusifu; pengo huulizwa lilitokeaje.
Mama analo la juu, kulia, hulifunika kwa khanga akicheka.
Sisi wengine hatuna pengo, tuna rangi:
meno ya kahawia kama kikombe kisichosuguliwa.
Mjini Arusha nikifungua kinywa tu,
msichana wa duka la dawa ananiambia,
"Wewe ni wa huko Maji ya Chai."
Sijamwambia hata ninaumwa nini.

Anaeli, mdogo wangu, miguu ilipinda
kabla hajajua kuna miguu iliyonyooka.
Ni kipa mzuri sana. Utani ni wake mwenyewe:
"Ukipita katikati si kosa langu, ni la kisima."

Basi liandike hilo kwa lugha ya fomu:
Viwango vya floridi katika visima vifupi...
Nimeandika. Nimefuta.

Miaka sita naokota mifupa Tengeru siku za soko.
Bucha ya Sarakikya hunitengea paja na mbavu,
mbwa wananifahamu kuliko majirani.
Naichoma kwenye pipa, polepole, iwe mkaa.
Ikitoka nyeupe, haishiki kitu tena.
Ikibaki nyeusi, maji yananuka mzoga
na mama anayamwagia migomba.
Katikati hapo kuna kijivu fulani,
kijivu cha manyoya ya kanga akinyeshewa,
na kwa kijivu hicho maji yanapita
yakiacha ubaya wake nyuma.
Kwa moto kiasi gani? Kwa saa ngapi?
Sijui. Nakijua kwa macho tu,
na macho hayajazi fomu.

Barua za wadhamini zinatakiwa mbili.
Daktari Mbise kasema, "Iandike mwenyewe, nitatia saini."
Nikakaa nikijisifu kwa sauti ya mzee wa miaka sitini:
Bi. Ndetaulwa ni mchapakazi.
Nikaona haya.
Nikaongeza sana.

Mwisho wa kutuma ni saa sita usiku, kwa saa za kwao.
Kwetu itakuwa saa tisa.
Saa tatu za bure, nimepewa na watu wasionijua:
ufadhili wa kwanza huo.

Mama ameamka, anauliza natafuta nini gizani.
Uzamivu, namwambia.
"Kuzama?"
Ndiyo, mama. Kuzama ndani ya maji, miaka minne.
Anacheka, na leo hafuniki, giza limemsitiri.
"Kwani sisi tumetoka lini?"

Asilimia nne.
Kisanduku cha jibu bado cheupe,
na nyeupe, nimeshasema, haishiki kitu.
Naanza na neno moja: kijivu.