Sekunde Tano

Jumanne, Pasua, chumba cha nyuma ya duka la vyuma.
Nimeketi kwenye kigoda, saa mkononi,
kalamu ya risasi, karatasi ya miraba ishirini.
Aikande ana yake.
Kanuni ni moja: hatuchunguliani.

Nderingo, miaka sita, anataka gari jekundu juu ya kabati.
Mpango umebandikwa ukutani kwa solotepu:
onyesha, nyamaza, hesabu hadi tano,
ndipo umwanzishie silabi.

Hadi tano. Aikande anafika mbili.
Si uvivu. Ni mkono wa mtu aliyelea wadogo zake wanne,
haujui kumtazama mtoto akihangaika.
"Ga," anasema. Mtoto anadaka, "ga,"
na Aikande anatia vema: amesema mwenyewe.

Mwisho wa zoezi tunalaza karatasi ubavu kwa ubavu.
Yake, kumi na nane.
Yangu, kumi na moja.
Mama mtu yuko mlangoni, ameshaipokea kumi na nane,
ameshampigia shangazi kule Kibosho.

Unamwambiaje mtu kwamba furaha yake imezidi saba?

Nilikuwa na sauti ya mkaguzi tayari kooni.
Aikande, kwa upole wa kuudhi, akaniwahi:
"Mraba wa tisa umeuacha wazi."

Mraba wa tisa.
Mawingu yalikuwa yamefunguka dirishani,
mlima ukatoka wote, bila kubisha hodi,
nami, mzaliwa wa hapa hapa Moshi,
nikautazama kama mgeni.
Mtoto alisema, au hakusema.
Hakuna karatasi inayojua.

Basi tukavuta pazia.
Hatukufuta kitu. Tulipiga mstari mmoja juu ya makosa,
yake na yangu, tukatia tarehe na majina
ili yaendelee kusomeka.

Tena. Gari jekundu. Namhesabia kwa vidole chini ya meza:
moja,
mbili, mkono wa Aikande unataka kuondoka, anaukalia,
tatu. Nderingo anatazama kabati, anatutazama sisi,
nne.
Sikujua nne ina urefu huu.
Upande wa pili wa ukuta msumeno wa chuma umenyamaza, kana kwamba nao unasikiliza.
Tano.

Hakusema.

Nikaandika: hakusema.
Aikande akaandika: hakusema.
Mraba wa kwanza, siku nzima, tuliokubaliana.

Mama akauliza, sasa hiyo ndiyo nini?
Aikande akalirudisha gari juu ya kabati,
akaanza, kimoyomoyo, moja.