Maonyesho, Ukumbi wa Kanisa, Kondele

Karatasi tuliipika wenyewe: gugumaji la ziwani,
magadi, siku mbili jikoni kwa Akeyo,
hadi jirani akaja kuuliza kumeoza nini.

Leo vitabu vinane viko mezani.
Changu nimekishona kwa uzi wa nyavu;
mshono wa tano umekwenda upogo.
Sikuufumua.

Mama mmoja ametokea sokoni,
vidole vingali na mafuta ya mbuta.
Anafungua, anafunua, anatafuta maneno.
“Mbona hakina kitu?”

Nilitaka kumweleza habari za sanaa,
lakini ameshaacha alama ya dole gumba
kwenye ukurasa wa kwanza, duara ndani ya duara,
kama maji yaliyotupiwa kokoto.

Nimebandua bei.
Kimeanza kuandikwa.